Karatasi Chini ya Mtungi

Mtungi wa figili za chumvi ulikuwa ukivuja, na Bibi Yin-mei hakuwa mtu wa kuacha maji ya chumvi yamharibie sakafu. Akatupa macho huku na huku, akaona kijitabu juu ya friji, akachana kurasa mbili tatu na kuzisukumiza chini ya mtungi. Diep, mke wa mwanawe, alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kiwandani, kofia ya pikipiki bado mkononi.

"Mama, hicho ni kitabu changu cha sheria za barabarani."

"Si ulishafaulu mtihani wako? Cha nini tena?"

"Lakini juzi ulinigombeza kwa kumenyea vitunguu juu ya gazeti. Ulisema maandishi hayafanyiwi hivyo."

"Gazeti lina maandishi. Haya ya kwenu Vietnam ni nyayo za kuku."

Diep akaweka kofia chini. Akachukua tambara, akafuta maji yaliyobaki.

Kwetu Meinong, mji wa Wahakka huku Taiwan, karatasi yenye maandishi haitupwi jaani. Hukusanywa ikapelekwa kwenye mnara mdogo wa matofali kando ya mto, ikachomwa kwa heshima. Vijana wa siku hizi hawana habari, lakini Bibi Yin-mei alijali kwa niaba ya wote. Alizunguka uchochoro mzima na kapu lake akiokota magazeti, kalenda, hata maboksi ya dawa ya mbu, nasi tukimsifu kwamba yule mama anaijua thamani ya elimu. Asubuhi alikaa kibarazani na gazeti magotini, akitikisa kichwa penye habari mbaya, yaani penye picha ya gari lililopinduka. Ehee, na alivyojua kukitikisa! Ukweli ni kwamba hakujua kusoma hata jina lake. Marehemu mumewe alijua, akaenda na siri hiyo kaburini. Mwanawe anayefanya kazi mjini hakujua. Mimi jirani yake, ukuta kwa ukuta, sikujua, na mimi si mtu wa kupitwa na mambo.

Pikipiki aliiendesha tangu ujana wake bila leseni, na hakuna aliyemuuliza. Kisha siku moja, pale njia panda ya hekalu, askari akamsimamisha, mjukuu nyuma na magunia ya figili mbele. Askari mwenyewe mtoto wa muuza tofu.

"Leseni, bibi."

"Leseni ya nini? Nilikukimbiza hospitali kwa pikipiki hii hii, surua imekujaa mpaka kwenye kope!"

"Najua, bibi, na sijasahau. Lakini nikikukuta tena bila leseni, naichukua pikipiki."

Ilikuwa habari nzito. Bila pikipiki hakuna soko, na bila soko hakuna figili. Diep alitoka kwenda kiwandani alfajiri, sasa mtoto angepelekwa shule na nani? Leseni ilikuwa lazima, na njia ya leseni ilipita kwenye mtihani wa maswali. Bibi Yin-mei akanunua kitabu cha maswali, akakiweka mezani kwa kishindo, akamwita mkaza mwana wake.

"Kichina chako kimepinda, Diep. Kila jioni utanisomea maswali haya kwa sauti, mimi nikusahihishe. Ulimi wako utanyooka."

Umeona ujanja huo? Mwanafunzi kajifanya mwalimu. Kila jioni nilisikia ukutani sauti ya Diep ikisoma polepole, na Bibi Yin-mei akiyameza maswali kwa masikio, moja baada ya jingine, kama alivyomeza sala zote za hekaluni.

"Unakaribia kivuko cha waenda kwa miguu, na mtu anavuka. Ufanye nini? Moja, upige honi. Mbili, umzunguke. Tatu, usimame mpaka apite."

"Tatu. Lakini hapo katikati pana neno umelisoma vibaya. Rudia."

Diep akatazama ukurasa, kisha akamtazama mama mkwe wake. "Lipi, mama?"

Kidole cha Bibi Yin-mei kikaelea juu ya karatasi, kikatua. "Hili."

Diep akakitazama kile kidole kwa muda. "Ndiyo, mama. Asante." Akarudia swali lile lile, kwa matamshi yale yale.

"Eeh! Sasa umepata."

Kesho yake, tukimenya figili kibarazani, Bibi Yin-mei akatuambia, Diep akiwa papo hapo anasikia, "Huyu mkwe wangu, miaka yote hii yuko kwetu, maandishi bado anayasoma kama anayetafuna kokoto." Tukacheka. Nami nilicheka. Nyani haoni kundule, lakini siku ile nyani tulikuwa wengi.

Siku ya mtihani niliwapeleka mimi kwa gari langu. Bibi Yin-mei alikuwa ameacha miwani nyumbani kwa makusudi. Alipanga kwamba wakimpa maswali yaliyoandikwa atapiga kelele, "Ole wangu, miwani!" na labda mtu atamwonea huruma amsomee. Hakujua kama kuna njia nyingine. Angemuuliza nani?

Karani hakuinua hata macho. "Mtihani wa kusoma au wa kusikiliza?"

Bibi Yin-mei alikuwa bado anafungua kinywa aseme la miwani, Diep akamtangulia. "Wa kusikiliza. Macho ya mama yana ukungu. Daktari amemkataza kusoma."

Alilisema kwa wepisi, kama jambo lililokaa tayari siku nyingi. Na hapo ndipo Bibi Yin-mei alipoelewa. Anajua. Zile "ndiyo, mama," zile "asante," kile kidole kilichotua kisipopajua, vyote Diep alivipokea huku anajua. Hata kicheko cha kibarazani alikipokea anajua. Nilimwona akiwa mwekundu kuanzia shingoni, na nikadhani ni joto.

"Macho yana ukungu?" Karani sasa aliinua uso. "Basi mtihani wa nini? Asiyeona vizuri haendeshi. Apelekwe kwanza hospitali ya macho. Anayefuata!"

Diep akaganda. "Hapana, dada, si hivyo... nilikuwa na maana..." Kichina chake kikamkimbia chote, akabaki anapepesa macho. Watu wa nyuma wakaanza kuguna. Bibi Yin-mei aligeuka akaniona, mimi jirani mwenye mdomo, nimesimama mkabala naye. Alijua fika kwamba nikilisikia mimi, uchochoro umesikia. Alikuwa na njia ya kutoka. Angeweza kuondoka kwa hasira, akasema mkwe wake amemharibia kwa kutojua lugha, na sote tungemwamini.

"Macho yangu mazima," akasema. Akamsogelea karani. "Ni mazima. Sijui kusoma. Huyu anajua, ananisitiri tu."

Nikatazama viatu vyangu. Sijawahi kuvitazama namna ile.

"Kichina au Kihakka?" akauliza karani, na kumsogezea vile vya kuvaa masikioni.

Alifaulu. Alitoka ameshika karatasi ya matokeo kwa mikono miwili, akampa Diep aisome kwanza. Tukaingia garini, tukavuka daraja.

"Tangu lini?" akauliza Bibi Yin-mei, uso kautia dirishani.

"Tangu mwaka wangu wa kwanza, mama. Ulinituma dukani na chupa tupu ya siki, ukasema nilete mchuzi wa soya kama huu. Mwenye duka ndiye aliyeniambia chupa ni ya siki."

"Na hukusema."

"Mimi pia Kichina nilikuwa sijui kukisoma, mama. Nilijua linavyouma."

Nikaendesha gari.

Jioni nilikwenda kwao kurudisha bakuli. Nilimkuta Bibi Yin-mei amepiga magoti jikoni, ameuinamisha mtungi kwa bega na anazivuta zile kurasa. Zilikuwa zimelowa, zina harufu ya chumvi. Alizikunjua moja moja juu ya meza, akazilainisha kwa kiganja. Nilidhani anazitayarishia kapu la mnara, nikasema nimsaidie kuzipeleka.

"Ziache," akanijibu. "Hazijasomwa."

Akamwita Diep, akamwekea kiti upande wa taa, akamwonyesha mstari kwa kidole. "Hapa panasemaje?"

Diep akainama. "Ni lile la kivuko, mama. Usimame mpaka apite."

"Si hivyo. Soma kwa lugha yenu. Kama palivyoandikwa."

Diep akasita, akanitazama, kisha akasoma. Alisoma mbio mbio, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ukutani, ikipanda na kushuka bila kujikwaa popote. Bibi Yin-mei alisikiliza mikono ikiwa magotini, na hakumsahihisha hata neno moja.