Zege la Uani kwa Vernell

Mimi na Lucius Pettiway tuna desturi yetu. Nyumba za mtaa wetu hapa Filadelfia zimeshikana ukuta kwa ukuta kwenye mteremko, yangu juu kidogo ya yake, na sisi wawili kila mmoja anaishi peke yake. Basi kila asubuhi nagonga ukuta mara tatu, naye ananijibu mara tatu. Maana yake: bado nipo, usiite gari la maiti. Siku nyingine anachelewa makusudi nihangaike, nami namtukana kupitia ukutani mpaka ajibu.

Mwaka huu, kufika mwezi wa nne, alikuwa anagonga kama mtu aliyechoka. Kila mvua ikinyesha, maji yanaingia chumba chake cha chini. Pampu inanguruma hadi asubuhi, na ukuta wa nyuma umeanza kutoa tumbo. Mkaguzi wa jiji alimbandikia karatasi mlangoni: ukuta usipokuwa salama kabla ya majira ya baridi, nyumba itafungwa. Lucius alizaliwa mle ndani. Ana miaka sabini na sita. Ahamie wapi?

Jumapili moja alitoka kanisani akaja moja kwa moja jikoni kwangu, fomu mkononi, anang'aa kama bwana harusi.

"Bi. Vernell, nimepona! Jiji linatoa fedha kwa wenye nyumba wanaosumbuliwa na maji ya mvua. Wanang'oa zege, wanachimba bustani ya kunywea mvua, wanageuza bomba la paa. Hulipi kitu."

"Hongera. Kula keki ya viazi."

"Ila hawanipi mimi. Anayeomba ni yule ambaye maji yanaanzia kwake. Na yangu yanatoka juu yangu."

"Juu yako yupo Mungu peke yake."

"Kabla ya Mungu upo wewe. Weka sahihi. Mwisho ni Ijumaa."

Hapo ndipo nilipodanganya, tena kwa uso mkavu. Nilimwambia hati ya nyumba bado ina jina la mama yangu. Ni uongo unaokubalika mtaani kwetu, kwa sababu nusu ya nyumba zetu zina majina ya marehemu. Mzee anakufa, watoto wanabaki mle mle, hakuna anayekwenda kubadilisha kitu, halafu siku ya shida binamu kumi na wawili wanatakiwa watie sahihi na watatu hawasemeshani.

"Mama yako alikufa miaka kumi na tisa iliyopita," Lucius alisema.

"Na bado hajanipa nyumba. Unamjua alivyokuwa mchoyo."

Alicheka, maskini, akafunga keki mbili kwenye karatasi akaondoka. Mimi sikula.

Sasa nieleze nilichokuwa nakiogopa. Miaka kumi na minne iliyopita nilimwaga zege uani kote, nipate pahali pa kuchomea nyama na kucheza karata. Lucius mwenyewe alinibebea mifuko ya simenti, na kiangazi kile alicheza dansi juu yake hadi soli ya kiatu ikabanduka. Asichokijua ni maneno yangu na fundi. Fundi aliweka pimamaji chini akaniuliza maji yaelekee wapi. Nikamwambia, "Popote, mradi si kwangu." Akainamisha zege upande wa Lucius. Nilimwona akifanya hivyo. Nilimpa na soda.

Kwa hiyo fomu ile ilimaanisha mkaguzi uani kwangu, na ndoo moja tu ya maji ikimwagwa juu ya zege mbele ya macho ya Lucius.

Jumatatu nilimwambia nimempigia simu binamu aliyeko Florida. Jumanne nikasema hapokei. Jumatano Lucius hakuonekana mchana kutwa. Jioni aliingia kwa mlango wa nyuma, kofia bado kichwani, na yeye ni mtu wa kuvua kofia hata mbele ya paka.

"Nilikwenda ofisi ya hati," alisema. "Nilitaka nikusaidie. Nilipanga foleni kwa muda wa saa tatu nijue ndugu zako gani waandikiwe barua."

Nikajua.

Akaweka karatasi mezani. Vernell Gadsden, mwenye nyumba, miaka kumi na saba sasa.

"Mama yako alikuwa mchoyo kweli," alisema.

Nikamvutia kiti, hakukaa.

"Lucius, zege..."

"Usiniambie mimi. Andika." Akatoa fomu, akanionyesha pale panaposema ueleze maji yanavyotembea katika kiwanja chako. "Andika hapo."

Niliishia darasa la sita, mwandiko wangu ni wa kuku. Niliandika polepole, naye amesimama nyuma yangu anasoma kila neno likitoka. Nilipofika kwenye "mradi si kwangu" nilimsikia akivuta pumzi. Kwenye soda, akatoka nje, akasimama uani akiangalia chini, pale pale alipochezea dansi.

Aliporudi alichukua fomu. "Nitaipeleka mwenyewe. Ahadi yako siiamini."

"Kula kidogo basi, jirani."

"Nina maji ya kuchota, Bi. Vernell."

Alhamisi ilinyesha tangu alfajiri. Nikagonga ukuta mara tatu. Kimya. Nikagonga tena, nikamwita mbuzi, nikamwita marehemu. Kimya. Kisha pampu yake ikawaka kule chini. Yu hai, basi, ila hataki kunijibu.

Nilikwenda kutafuta nyundo kubwa ya marehemu mume wangu, nilivunje zege. Nikaivuta mpaka mlango wa nyuma, siwezi hata kuinyanyua juu ya goti. Ndipo nikakumbuka maneno ya mwisho ya fomu: ukianza kazi kabla hujakubaliwa, hupewi kitu. Na majibu ni wiki sita.

Nikakaa kizingitini, nyundo mapajani, nikiyatazama maji. Yalikuwa yanashuka taratibu kwenye zege langu zuri, bila kupotea hata tone, yakienda kwa Lucius.