Familia Isimame

Natasha alikwisha kuchapa bango, nalo lilisema wazi: riwaya ya mapenzi ya mashoga. Elkanah alilisoma, akalibandua ukutani.

"Usiogope bana," Natasha alimwambia. Ndiye aliyeandaa hafla ya kitabu cha Elkanah, katika ukumbi ulio nyuma ya duka la vyakula, Brooklyn Center, Minnesota. "Lazima tu-label. Watu wanataka kujua wananunua nini."

"Siogopi. Wanaume wawili wanapendana humo, sijaficha. Lakini mabusu ni machache, sufuria ndizo nyingi. Ni hadithi ya mama anayepika na watu wanaorudi kwake kula. Ukiandika hivi, yeye umemtoa."

Natasha alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Bango jipya likabaki na jina la kitabu tu.

Elkanah alisema kweli, ila hakusema yote. Mama huyo yupo kweli, anaitwa Perpétue, Mkongo aliyemlea kijana Bonheur katika kambi ya wakimbizi baada ya wazazi wake kufa, kisha akaja naye Marekani. Elkanah, muuguzi wa Saint Paul, alimpenda Bonheur pale pale mezani kwa Perpétue, kwenye sombe, kisamvu cha Kikongo, ya kila Jumapili. Mama hakuwahi kuuliza hawa wawili ni nani kwa nani, na wao, mabingwa wa kunyamaza, hawakuwahi kumwambia. Elkanah aliogopa kwamba akijua, atafunga mlango. Na mlango mwingine hakuwa nao, maana dada yake Velma aliacha zamani kupokea simu zake. Sasa Perpétue alikuwa amesikia habari za kitabu hapo dukani, na amesema anakuja.

Alikuja kweli, akakaa nyuma na Bonheur. Elkanah alisoma sura ya kwanza: mama anakaanga nyanya za sombe, na chini ya meza wanaume wawili wameshikana mikono. Hakuthubutu kutazama nyuma.

Makofi yalipotulia, Sydney, mshereheshaji, akachukua kipaza sauti. Huyu amezoea kuongoza harusi na matanga ya Wakenya, na ulimi ukaenda ulikozoea.

"Kabla ya maswali, familia ya mwandishi isimame tuwaone!"

Hakuna aliyesimama. Damu ni nzito kuliko maji, wasemavyo. Siku hiyo ilikuwa nzito hata ikashindwa kutoka mji wa Crystal, hapo jirani tu, anakokaa Velma. Sydney akakohoa. Elkanah alitamani sakafu immeze.

Kiti kikakwaruza nyuma. Perpétue alikuwa amesimama na kitenge chake cha kanisani, akimvuta Bonheur mkono naye ainuke.

"Tuko hapa," alisema.

"Karibu sana. Wewe ndiye mama yake?" Sydney akauliza.

"Sikumuzala. Na huyu pia sikumuzala. Walikutana kwangu, wanapendana kwangu, wanakula kwangu. Miye niko na macho. Nilikuwa nangoja waniambie, kumbe mpaka waambie kwanza Minnesota yote!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Elkanah alikuwa analia, wala hakujificha.

Perpétue akamnyooshea kidole. "Na weye, sombe yangu haina nyanya. Umeandika uongo. Kesho ukuje mapema, nikufundishe."