Flashi ya Mazishi

Mwaka huo nilichoka hadi nikachoka kusema nimechoka. Nilikuwa na mimba ya pili, baba alikuwa kitandani kule Kilungu akipungua kila wiki, na mimi nilikuwa mjini Wote, kwenye chumba cha mikutano, nikibishana na watu wazima kuhusu flashi.

Shirika letu linachimba visima na kujenga mabwawa ya mchanga, Makueni na Kitui. Habari zote za visima, pamoja na majina na nambari za simu za wenye mashamba, zilikuwa zikitembea kwenye flashi, diski za nje na kadi za kamera ambazo hakuna aliyejua ni za nani. Flashi moja ya ofisi ya Kitui ilisahaulika saluni. Wafadhili wakasikia, wakataka viwango: nani abebe nini, kiwekewe alama gani, kifungiwe wapi, kifutwe vipi. Kazi nikapewa mimi, kwa sababu mimi ndiye mtu wa kompyuta, na mtu wa kompyuta huitwa hata printa ikiishiwa na karatasi.

Kikao cha kwanza kiliishia kwenye jina. Musembi, mkubwa wetu, alitaka tuandike "vifaa vya kuhifadhia data vinavyohamishika". Mtu wa Kitui akauliza kama simu haihamishiki. Mwingine akasema hata kabati linahamishika ukipata vijana. Tukanywa chai. Kikao kilichofuata tuligombania ufunguo wa droo, na kilichofuata hicho tukarudi kwenye jina. Kila nikitoka nampigia ndugu yangu Kiilu kumuuliza baba ameamkaje, naye ananijibu, "Ako tu."

Lakini kilichonikera kuliko vyote ni flashi ya mazishi.

Ni flashi nyekundu, ilikuwa ikikaa kwa mzee Ndululu, karani wa masjala. Mfanyakazi akifiwa, anaenda kwa Ndululu na kupewa flashi. Ndani mlikuwa na wasifu wa marehemu wote wa ofisi tangu inunuliwe. Mfiwa anachukua wasifu wa mwisho, anabadilisha majina, anaongeza picha, kisha anaipeleka saiba, duka la kompyuta, ikachapishwe programu ya mazishi. Ndiyo maana mama yake Musembi, kulingana na karatasi tuliyogawiwa pale kaburini, alikuwa mzee wa kanisa aliyependa kunyoa ndevu zake mapema, na ameacha mke mmoja. Hakuna aliyecheka, angalau siku hiyo.

Jumatatu flashi inarudi. Imepita saiba, imepita kwa mpiga picha, imechomekwa kwenye spika za kwaya, na Ndululu anaichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta ya masjala. Mara kadhaa virusi vilitoka humo vikatuharibia mafaili ya visima. Kwa hiyo nikaandika kifungu cha tisa: kifaa chochote kilichotoka nje ya ofisi kifutwe kwenye mashine ya pembeni kabla hakijagusa kompyuta ya kazi. Tena si kufuta kwa juu juu. Programu iandike juu ya kila kilichokuwemo, hata mimi mwenyewe nisiweze kukirudisha.

Ndululu alisimama kikaoni. "Madam, hii flash si ya ofisi, ni ya watu. Sasa unataka nifute wazazi wetu?"

"Wapeleke nyumbani kwako, mzee."

"Kwangu hata computer sina. Wataenda wapi?"

"Basi wapumzike," nikasema. Nilisema kwa ukali. Tangu siku hiyo Ndululu akawa ananisalimia tu kwa kichwa.

Kule Kilungu baba naye alikuwa na mipango yake. Kwetu mtoto wa pili wa kiume huchukua jina la baba wa mama yake. Wangu wa kwanza ni mvulana, na mashine ya hospitali ilikuwa imeshaonyesha kwamba huyu naye ni mvulana. Baba alijua hatamwona. Basi siku moja akamwambia Kiilu atoe simu, akamrekodia mjukuu wake maneno. Nilipopiga, alikuja hewani mwenyewe, akihema.

"Nimeongea na Mwangangi mdogo," akaniambia. "Si yako hiyo. Usisikize mpaka azaliwe. Msikize pamoja."

Nikamwahidi. Hilo ndilo jambo la mwisho nililomwahidi, na ndilo pekee nililokuwa nikilingojea katika mwaka ule mzima. Viwango vingeisha au visiishe, wafadhili wangefurahi au wasifurahi. Mimi nilitaka kukaa kitandani na mtoto wangu kifuani tumsikie babu yake.

Baba alipofariki, Ndululu alikuja mezani kwangu. Alinipa flashi nyekundu kwa mikono miwili. "Pole sana, Madam. Mambo ya makaratasi tuwache kwanza."

Niliichukua. Nani angekataa? Kiilu aliweka humo wasifu, picha na ile sauti. Simu yake ilikuwa imejaa picha za matanga hadi inakataa kuwaka vizuri, kwa hiyo sauti hakuinakili, aliihamisha. Siku ya mazishi mchungaji aliomba waombolezaji wasikie maneno ya mwisho ya mzee, na Kiilu akakubali bila kuniuliza. Mimi nilitoka hemani, nikaenda nyuma ya jiko, kwa akina mama wa masufuria, nikaziba masikio kama mwendawazimu. Mama mmoja alinishika mgongo akidhani nimelemewa. Nilikuwa ninatimiza ahadi.

Ndululu, aliyekuwa amekuja mazishini, aliondoka na flashi, kama desturi. Kiilu alinong'ona, "Utaichukua ofisini," nami nikaitikia. Tulikuwa na kaburi la kuwekea maua.

Niliporudi kazini nilipokewa kwa mikono na pole. Musembi aliniita pembeni akitabasamu. Wakati niko matanga walikuwa wamekaa kikao na kupitisha viwango vyote, bila kubishania hata neno moja. Wanaofiwa wengine huletewa sukari na unga. Mimi, wenzangu walinifariji kwa kupitisha vifungu vyangu.

"Na aliyependekeza ni nani?" Musembi akasema. "Ni Ndululu!"

Nilienda masjala. Ndululu aliinuka aliponiona, akavuta droo yenye kufuli jipya. Flashi nyekundu ilikuwa ndani ya bahasha, imewekewa alama safi.

"Madam, nimefuata karatasi yako. Number nine. Nimeiweka kwa ile mashine ya kando, nikangoja mpaka ikaisha kabisa. Niliona nianze na hii, ndiyo ujue tuko pamoja."

Niliichomeka flashi pale pale, nikajaribu kila programu ninayoijua ya kurudisha vilivyofutwa. Hakukuwa na kitu. Kifungu cha tisa nilikiandika vizuri. Nikampigia Kiilu, Kiilu akapigia ukoo wote. Watu walikuwa wamerekodi kwaya, jeneza, hata foleni ya chakula. Sauti inayotoka kwenye spika hakuna aliyeona haja ya kuirekodi.

Ndululu alikuwa amesimama muda wote huo. Alipoelewa, alikaa chini taratibu. Nilitaka kumkasirikia. Nilimtafutia kosa, nikakuta amefanya kile nilichomtaka afanye, na amekifanya kwa ajili yangu.

"Mimi nilikuwa pale mbele," akasema baadaye. "Nilisikia yote."

"Niambie."

Akaniambia kwa Kikamba, polepole, macho yake ukutani. Baba alimwambia Mwangangi mdogo kwamba mchungwa ulio juu ya mtaro ni wake, asiruhusu mtu aukate. Alimwambia yeye mwenyewe aliogopa radi mpaka uzeeni, kwa hiyo naye akiogopa asione haya. Alimwambia ajifunze kuogelea, kwa sababu huku mto ukija huja bila kubisha hodi. Nilimtambua baba katika kila neno.

Kisha Ndululu akanitazama usoni. "Na mwisho alisema, ukishazaliwa, mwambie mama yako apumzike."

Baba hakuwahi kuniambia nipumzike. Maisha yake yote aliniambia niharakishe. Labda ugonjwa ulimlainisha. Au labda Ndululu aliona uso wangu, akachukua maneno ya marehemu mwingine na kubadilisha majina, kama tulivyozoea ofisini kwetu. Palikuwa na mahali pamoja tu pa kuhakikisha: flashi iliyokuwa mkononi mwangu, nyekundu, tupu.

Nililia pale pale masjalani, mlango wazi. Halafu nikamwomba arudie tangu mwanzo.