Ukuta wa Ofisi ya Ghala

Jumatatu asubuhi mtunza ghala alikosea neno la siri mara mbili, na ukuta wa ofisi ukasogea ndani kwa upana wa vidole viwili. Mhasibu aliinua kikombe chake, akavuta meza, akaendelea na hesabu. Walishazoea. Kabati lilikwisha kuhamia koridoni, na aliyetaka kwenda dirishani ilibidi wenzake wasimame kwanza.

"Shangazi, bonyeza polepole," alisema fundi wa kompyuta.

"Nabonyeza polepole, mwanangu. Hizi herufi ndogo kama chawa."

Huyo mtunza ghala, shangazi yake, ndiye aliyemlea fundi tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na ndiye aliyemwombea kazi hapo. Wenzake wote walijichagulia moja, mbili, tatu, nne, wakaingia bila taabu. Yeye peke yake alimsikiliza fundi aliposema neno la siri liwe refu na gumu.

Bosi hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikipima chumba kwa macho, akasema anayekosea atoke. Shangazi alinyang'anywa ghala la miaka yote hiyo, akapewa ufagio wa koridoni. Fundi alikuwepo. Alitazama viatu vyake.

Siku hiyohiyo kompyuta kuu ikazimika, ikidai kumbukumbu imejaa. Fundi akafungua kile kipande cha programu kinachokagua maneno ya siri, alichokiandika mwenyewe. Kila mtu alipobisha hodi, kipande kiliazima nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta ili kulishika neno lake. Neno likiwa sahihi, kilimfungulia na kuirudisha nafasi. Likiwa na kosa, kilimfukuza na kubaki na nafasi. Ulikosekana mstari mmoja tu, wa kuirudisha nafasi neno likikosewa. Fundi alikuwa amekijaribu kwa neno lake mwenyewe, na yeye hakosei.

Aibu ilimpanda hadi masikioni. Akauongeza mstari, kisha akakosea neno kwa makusudi, akautazama ukuta. Haukusogea. Akakosea tena, na tena.

"Na wewe umeanza?" aliuliza mhasibu.

"Najaribu tu."

Baada ya siku chache bosi alikuja, akaupiga ukuta kofi kama anayempongeza ng'ombe. "Mnaona? Tangu yule mama atoke, umetulia."

Fundi alifungua mdomo. Maneno alikuwa nayo, yote, hata ule mstari aliujua kwa moyo.

"Ndiyo, bosi," akasema.

Ukuta haukurudi ulikotoka. Ulipakwa rangi hapohapo ulipofika, ukatundikwa kalenda.

Jioni fundi alimkuta shangazi anafagia koridoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu." Alivuta ufagio ili kijana apite, kisha akashusha sauti. "Unisamehe. Nimekutia aibu mbele ya wenzio."

Fundi aliuweka sawa mkoba begani.

"Usijali, shangazi," akasema. "Nimeshakusamehe."