Mlio wa Skrubu

Hakuwa na meza ya kwake. Hakuwa na kocha, isipokuwa baba yake, ambaye kazi yake hasa ni kuvalisha meza za pool vitambaa, si kufundisha watu. Hakuwa na urefu. Mpira ukikaa katikati ya meza ilimbidi apandishe paja ukingoni huku ncha ya kiatu ikitafuta sakafu, maana kanuni inataka mguu mmoja ubaki chini. Hakuwa na jicho zuri la kulia. Hakuwa na mdhamini, wala sare ambayo haikushonwa na mama yake. Na mpaka siku aliyoshindwa fainali yake ya kwanza, hakuwa na moyo mgumu, na katika mchezo ule hilo ni pengo kubwa kuliko yote niliyoyataja.

Ni mtoto wa mdogo wangu, kwa hiyo ni mwanangu, na mimi ni baba yake mkubwa. Kwenye ubao wa mashindano humwandika Binti Fundi. Fundi ni huyo mdogo wangu. Binti alikuwa anataka jambo moja tu tangu akiwa mtoto wa kukusanya mipira: taji kubwa, lile wanaloshindania wachezaji wa kulipwa, tena alitwae baba yake akiwa amekaa pale akitazama.

Ukumbi wa Fundi ni wa dirisha moja na feni inayozunguka ikilalamika. Ukutani ameandika kwa mkono wake, kwa rangi iliyobaki kwenye kupaka mlango: ASIYEKUBALI KUSHINDWA SI MSHINDANI. Maneno yanateremka kuelekea kulia kwa sababu ngazi ilikuwa fupi na Fundi hakutaka kushuka kuisogeza. Wateja humtania kwamba hata methali yake imeshindwa na imekubali.

Lakini yeye hakuyaandika kwa mapambo. Wanacheza pale mchezo wa mipira tisa: anayetumbukiza namba tisa ndiye aliyeshinda gemu. Basi Fundi aliweka desturi. Mwenzako akibakiwa na tisa peke yake, tena imekaa mbele ya shimo, hukai ukimwombea akosee. Unafungua fimbo yako. Fimbo nzuri ni vipande viwili vilivyounganishwa kwa skrubu. Unaizungusha, inatoa mlio mdogo kama panya aliyekanyagwa mkia, unaiweka kwenye mfuko wake, unasimama tayari kutoa mkono. Ukiwa mezani ukausikia ule mlio nyuma yako, unajua mwenzako amekuheshimu. Ndipo unapiga. Watoto wa ukumbi ule wamekua na mlio huo masikioni kama wengine wanavyokua na sauti ya mama akiita chakula.

Katika fainali ya kwanza mpinzani wa Binti alikuwa mgeni tusiyemjua, mwanamke mrefu mwenye glavu. Walikuwa wamelingana, gemu moja imebaki. Mgeni akabakiwa na tisa, imekaa vizuri. Binti akafungua fimbo. Mgeni akapiga, mpira ukagonga mdomo wa shimo, ukayumba, ukakaa pale pale ukingoni kama mtu aliyeghairi kuoga. Ukumbi mzima ulishusha pumzi. Binti akainama kuunganisha fimbo yake. Mwamuzi akamwekea mkono mbele. Katika kanuni za wachezaji wa kulipwa, kufungua fimbo mwenzako akiwa bado mezani ni kusema umekubali kushindwa. Mchezo umekwisha. Mgeni akapewa kombe huku tisa ikiwa bado imekaa mezani.

Njiani kurudi, Fundi alimwambia bintiye kwamba alifanya sawasawa, kwamba ameshindwa kwa adabu. Binti alitazama nje mpaka tulipofika.

Kesho yake alikuja kwangu. Mimi nilikuwa mtunza ghala mpaka nilipostaafu, nikasoma shule ya jioni nikiwa na watoto wanaosoma mchana, na kitu kilichoandikwa sikiachi mpaka nimekimaliza. Tulikisoma kitabu cha kanuni pamoja, kutoka jalada hadi jalada. Alipofunga ukurasa wa mwisho alisema kupiga anajua. Asichojua ni kukaa.

Watu wanadhani bingwa hutengenezwa mezani. Mimi pia nilidhani hivyo. Lakini hesabu muda: katika mchezo ule, mwenzako akiwa anapiga wewe umeketi kwenye kiti, huna la kufanya, na unaweza kuketi hivyo sehemu kubwa ya mchezo ukitazama maisha yako yakitumbukizwa mpira baada ya mpira. Wengine hunywa maji. Wengine hutikisa goti. Kila wanachofanya kinawala, na wanaponyanyuka mkono umeshalowa. Anayetwaa mataji ni yule anayenyanyuka kitini akiwa vile vile alivyoketi.

Tukaanza mazoezi ya kiti. Asubuhi, kabla wateja hawajafika, aliweka kiti ukutani chini ya ile methali, akakaa na fimbo yake nzima kati ya magoti. Mimi nilikuwa mpinzani. Sijui kucheza, niliichukua mipira kwa mkono nikaitumbukiza mmoja mmoja mbele ya macho yake, na hata kwa mkono nilikuwa nakosa mashimo. Mwanzoni alicheka. Baadaye hakucheka. Baadaye nilimkejeli, nikamwambia mgeni mwenye glavu anamsalimu, na uso wake ukabaki kama mlango wa ofisi siku ya mapumziko. Nilijisifu kwamba kazi inakwenda.

Fundi alikuwa akipita na pini zake mdomoni, akitutazama, akienda zake.

Kitu kile hakikubaki ukumbini. Mama yake alilalamika kwamba sasa anakula kama anayesubiri zamu. Kijana mmoja fundi umeme aliyekuwa amemchumbia Binti alikuja kumwambia kwamba amechoka kungoja na kwamba yuko mwingine. Alieleza kirefu, maskini, alikuwa amejiandaa kwa machozi. Binti alimsikiliza mikono ikiwa kati ya magoti, kisha akamuuliza kama amemaliza. Akamfungulia mlango. Nilipomuuliza kama ameumia, alifikiri kwanza, kwa uaminifu, kama mtu anayepapasa mfukoni, akasema haoni kitu.

Mwaka uliofuata alifika fainali tena, na aliyekuwa upande wa pili alikuwa Mama Pacha.

Huyu alianzia kwa Fundi. Zamani alikuja na watoto wake mapacha ndani ya kapu, akalisukuma chini ya meza ya pembeni, akacheza huku akilitikisa kwa mguu. Fundi alimwita dada, kwa hiyo kwa Binti akawa shangazi. Ndiye aliyemshika vidole Binti na kumwonyesha namna ya kutengeneza daraja la kupitishia fimbo. Taji kubwa hakuwahi kupata, na magoti yake yalikuwa yameshamwambia kwamba safari hii ndiyo ya mwisho.

Mimi na Fundi tuliketi safu ya pili. Fundi alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi na hakushangilia upande wowote, kwa kuwa kila anayeshinda ni wake.

Walikwenda sambamba mpaka gemu ya mwisho. Mama Pacha alisafisha meza taratibu, kama anayeokota mchele, mpaka ikabaki nyeupe ya kupigia na tisa, zimenyooka na shimo la kona. Mpira ambao pale kwetu hata muuza chaki angeupiga akiongea na simu.

Akainama. Hakupiga.

Nilijua anasubiri nini, na Fundi alijua, na katika ukumbi ule wa mamia ya watu labda tulikuwa sisi wanne tu tuliojua. Alikuwa anasubiri ule mlio. Miaka yote ameupiga mpira wa mwisho akiusikia. Kimya kikaendelea. Mama Pacha akageuza kichwa, kidogo tu, akatazama kitini.

Binti alikuwa ameketi na fimbo nzima kati ya magoti. Alimtazama shangazi yake na uso wake haukuwa na chochote.

Mama Pacha akasimama, akapaka chaki fimbo ambayo haikuhitaji chaki, akainama upya, akapiga. Tisa ikagonga pembe ya shimo, ikarudi, ikatambaa na ukingo mpaka ikachoka. Binti akanyanyuka. Ulikuwa mpira mrefu, wa jicho la kulia, lile baya. Aliutumbukiza kama anayeweka sahani kabatini.

Watu wakasimama. Mimi nilisimama, na makofi yangu nadhani ndiyo yaliyokuwa makubwa kuliko yote. Nilipogeuka kumshika Fundi bega, kiti chake kilikuwa kitupu. Binti alikabidhiwa kombe baba yake akiwa ameshatoka.

Mezani, Mama Pacha alikuwa amemshika mkono. Binti aliniambia baadaye alichosema.

"Ungenifungulia, mwanangu."

"Hapana, shangazi."

Basi. Hawakugombana.

Tulimkuta Fundi ukumbini, mchana uliofuata, ameivua meza ya pembeni nguo, anavuta kitambaa kipya. Ile ndiyo kazi inayomtuliza. Binti aliingia na kombe limefungwa ndani ya kanga. Baba yake alimwambia, bila kunyanyua kichwa, aliweke pale kwenye boksi la chaki. Akaliweka. Nikaanza kumtetea, nikasema kanuni ziko wazi, na nikataja na ukurasa. Fundi akaniambia, "Kaka, wewe nyamaza kidogo," na hajawahi kuniambia hivyo tangu tuzaliwe.

"Ulimwona alivyokutazama?" alimuuliza bintiye.

"Nilimwona."

"Ukajua anataka nini."

"Nilijua."

"Ukahisi nini?"

Binti akapapasa tena ndani yake, namna ile ile. "Sikuhisi kitu, baba."

"Na leo? Kombe hilo hapo."

"Na leo vile vile."

Fundi alikuwa ameshika kitambaa kimevutika. Akaachia, kikanywea, na atakayekiachia kitambaa katikati ya kazi lazima aanze upya. "Fimbo si neno," alisema. "Kanuni ni kanuni, ungefungua ungekuwa mjinga mara mbili. Mimi nimetoka pale kwa sababu nilikutazama usoni nikatafuta mtoto wangu."

Akaanza kuvuta upya. Binti alikaa kwenye kile kiti cha ukutani, chini ya methali iliyoteremka, na kwa kweli sikuweza kutambua kama anafikiri au anangoja zamu.

Siku zikapita. Watu wa magazeti walikuja wakapiga picha kombe. Mama Pacha aliacha kuja ukumbini, na meza ya pembeni ikawa haina mtu hata ukumbi ukijaa. Wateja waliipita kana kwamba ina maji. Simu ya Mama Pacha iliita bila kupokewa. Fundi alizungumza na bintiye mambo ya chaki na bili ya umeme.

Nilimwambia Binti aandike barua. Simu mtu anaweza kuikata. Barua hukaa mezani mpaka mwenyewe ashindwe kuivumilia. Tulikaa ukumbini kabla wateja hawajaingia, akaandikia juu ya ubao wa meza. Nilimshauri aanze na salamu ndefu, za hali ya hewa na afya ya watoto, kama tulivyofundishwa sisi. Alisema hawezi kuandika asichokisikia. Nikamwachia. Aliandika polepole, akanipa nisome:

"Shangazi, sikufungua. Nilijua unangoja. Sijakosea na siombi radhi kwa kushinda, na nikifika fainali nyingine nitakaa vile vile, hata angekuwa baba. Lakini wewe ndiye uliyenishika vidole, na nilikutazama kama vile kiti kingekutazama. Hilo sijui nimelitoa wapi na nilirudishe wapi. Meza ya pembeni haichezwi. Njoo. Hapa kwa baba nitakufungulia kila mara, na ukikosa nitakuwa nimeshindwa."

Fundi alikuwa amekuja akasimama nyuma yetu na pini zake mdomoni. Hakuomba kuisoma. Alizitoa pini kwanza.

"Umemwambia utafanya tena?"

"Nimemwambia."

"Hukumdanganya, basi."

"Sikumdanganya."

Binti akaikunja barua, akaitia bahashani, akaulamba mdomo wa bahasha. Haukushika, bahasha ilikuwa ya zamani, nilikuwa nimeileta mimi. Akaubonyeza, ukafunguka. Akaubonyeza tena. Fundi akaenda kwenye droo yake akarudi na gundi anayobandikia ngozi kwenye ncha za fimbo, ile ambayo hamkopeshi mtu. Akapitisha mstari mwembamba kwa kijiti, akakunja mdomo wa bahasha, akaukandamiza kwa kidole gumba kama anavyokandamiza ngozi.

"Shika hapa," alimwambia bintiye. "Usiachie mpaka nikwambie."

Binti akaweka kidole chake pale. Baba yake hakukiondoa cha kwake. Walisimama hivyo, wawili, juu ya bahasha moja, wakitazama kitambaa kipya cha meza. Nilimtazama Binti usoni. Siwezi kuandika kwamba niliona badiliko. Niliona mtu aliyeambiwa ashike naye ameshika.

"Tayari," Fundi akasema.

Tulikwenda posta mimi na Binti kwa miguu. Mhudumu aliigeuza bahasha, akagonga muhuri, akaitupa kwenye kapu lililokuwa nyuma yake pamoja na nyingine.