Bi Haloo na Siku ya Treni

Kila mwaka siku ya treni ikifika, watu huulizana walikuwa wapi habari zilipowafikia. Mmoja alikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa kimenyolewa. Mwingine alikuwa anaanika nguo. Bi Haloo yeye alikuwa kwenye swichibodi ya hospitali kuu, mahali ambapo simu za mji mzima ziliishia siku ile.

Jina hilo alibandikwa na manesi, maana hata ukimsalimia kwenye korido alijibu, "Haloo." Asubuhi ile, saa tatu ikielekea kwisha, taa za swichibodi ziliwaka zote kwa mpigo. Treni mbili za abiria zilikuwa zimegongana uso kwa uso nje kidogo ya mji. Punde machela zikaanza kupita mlangoni pake, na kila moja aliikodolea macho: wifi yake, dada mdogo wa mumewe, alikuwa amepanda mojawapo ya treni hizo.

Daktari mkuu akachungulia. "Usitaje jina la mtu yeyote kwenye simu. Orodha itatoka wizarani."

"Lini, daktari?"

"Ikitoka."

Alitii kwa robo saa. Kisha mzee mmoja, dereva mstaafu wa lori, akapiga kwa mara ya nne. Hakulia wala hakufoka.

"Binti yangu, niambie tu. Niendelee kusubiri, au nivae viatu?"

Bi Haloo alimwomba radhi, akakata simu, akamwita mama wa dobi, aliyekuwa anapita na rundo la mashuka.

"Kaa hapa. Kila anayepiga, mwambie arudie baada ya nusu saa."

"Mimi na simu wapi na wapi, mwenzangu?"

"Sema haloo, halafu sema nusu saa. Basi."

Akachukua daftari na penseli, akaingia wodini. Walioweza kusema aliwauliza majina. Wasioweza, aliandika kovu, pete, rangi ya shati. Kila kitanda alichokikaribia, alimtafuta kwanza wifi. Alirudi ameandika watu sitini na mmoja. Wifi hakuwamo.

"Baba," alimwambia yule dereva alipopiga tena, "vaa viatu. Mwanao yuko wodi ya tatu. Mguu umevunjika, lakini anaongea."

Wale ambao watu wao hakuwaona, hakuwadanganya. "Simwoni kwenye daftari langu. Sisemi hayupo. Nasema sijamwona bado."

Saa saba akapiga mumewe, fundi saa, mtu wa maneno machache. Bi Haloo akamwambia maneno yaleyale.

"Umemtafuta?"

"Kitanda kwa kitanda. Njoo. Lakini mimi siwezi kutoka hapa, wanapiga wengi."

"Nitamtafuta mimi," akasema. "Wewe kaa."

Saa kumi na moja jioni alisimama mlangoni, kofia mkononi. Alikuwa ametoka chumba cha maiti. Bi Haloo alimwangalia akajua, lakini alikuwa na mtu kwenye laini, mama anayemtafuta pacha mwenzake. Akamsomea lile jina, akamtajia wodi, kisha akavua vyombo vya masikioni, akakaa chini sakafuni na kulia. Simu iliyofuata aliipokea mama wa dobi, akaendelea na majina pale alipoachia mwenzake.

Wiki iliyofuata daktari mkuu alimwita ofisini.

"Nani alikuruhusu?"

"Hakuna."

"Ungeniuliza ningekukataza."

"Ndiyo maana sikukuuliza."

Daktari alilifunua daftari ukurasa kwa ukurasa. Orodha ya wizara ilikuwa imetoka siku ya nne, na ilikuwa fupi kuliko ile ya daftari. Mwishowe akamtaka awafundishe makarani kuandika kama alivyoandika yeye. Bi Haloo alianza nao kesho yake asubuhi, macho bado yamevimba.

Mumewe alikaa miezi bila kuligusa jambo lile. Siku moja wakila akauliza, "Ungetoka kwenye simu, ungemwona mapema?"

"Ningemwona mapema," alisema Bi Haloo. "Ila angekuwa ameshakufa. Walimleta hivyo."

Mume akatikisa kichwa polepole. "Nilitaka kuyasikia kwako," akasema, akamsogezea mkewe bakuli.