Nipe Chungu

Vumbi la Ufipa halina haraka. Mwezi wa saba, mahindi yakishavunwa na upepo ukipata njia ya kupita mashambani bila kuzuiwa na bua, vumbi huinuka taratibu, hutembea, huingia bila hodi. Huingia kwenye vyombo, huingia kwenye nguo za misa zilizofungiwa sandukuni. Na kila asubuhi, nyumbani kwake Malangali, Wilibrodi hulikuta limelala juu ya boksi lake la besi, jekundu juu ya weusi, naye huchukua kitambaa akalifuta. Kesho yake limerudi.

Hulifuta tena. Amechoka Wilibrodi, lakini hulifuta.

Boksi lenyewe ni zito, zito la kumchosha hata anayelitazama. Spika moja pana tumboni, mbao nene pande zote, vishikio viwili vya chuma na kimoja kimelegea. Wenzake kwenye bendi wanaliita jeneza. Mzee Wili, jeneza linaenda wapi leo? Watauliza, watacheka, na ukifika wakati wa kulinyanyua kila mmoja atakumbuka kazi yake upande wa pili wa gari. Si watu wabaya. Dunia ya muziki imepungua uzito, na wao wamekwenda nayo. Siku hizi mpiga besi anakuja na gitaa begani na kidude cha kuenea kiganjani. Anachomeka waya huku, anatoa waya kule, sauti inakwenda kwenye mikisa, mtambo wa kuchanganya sauti, na kutokea kwenye spika za wote zilizosimamishwa juu ya miguu mirefu. Shughuli ikiisha anaondoka kama alivyokuja, mgongo umenyooka.

Mgongo wa Wilibrodi haujanyooka siku nyingi. Dominika, mkewe, huuchua kwa dawa ya kupaka kila akirudi kazini, huku akisema maneno ambayo mume mwenye akili zake angeyasikiliza.

Lakini sikiliza jinsi alivyolichagua. Alikuwa kijana, amesimama dukani Mbeya mbele ya maboksi yaliyopangwa ukutani, na wanunuzi wengine walikuwa wakiuliza nguvu yake, wakiuliza nchi yalikotoka. Wilibrodi hakuuliza kitu. Aliinama, akagonga boksi la kwanza kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Akagonga la pili. Akagonga la tatu, akarudi la kwanza, akagonga tena.

"Kaka, unanunua spika au unanunua chungu?" muuzaji akamwuliza, na duka zima likacheka.

Hakujua alivyopatia yule muuzaji. Maana Kalista, mama yake Wilibrodi, hakuwahi kununua chungu kwa kukitazama. Sokoni aliinama, akakigonga, akakisikiliza, na chenye ufa akakirudisha chini bila kumwaibisha mfinyanzi. Mtoto alisimama pembeni ameshika upindo wa kitenge, akajifunza kusikia tumbo la kitu kabla ya kulipenda. Elimu yake ya vyombo vya muziki ni hiyo tu, na hajapata nyingine.

Nyuzi zake nazo huzichagua hivyo hivyo. Mpya hazipendi, zinapiga makelele, zinajisifu. Hungoja zichakae, zinywe jasho na vumbi, zipoteze ung'avu, ndipo huanza kuziamini. Mkanda wa gitaa aliukata kwenye kiti cha gari bovu, mpana, usiolikata bega. Kebo yake ni moja, ndefu, imefungwa utepe pale ilipojeruhiwa. Vyote hivi vimezeeka pamoja naye, na havimuulizi maswali.

Na kazi yake ni ya kutosikika. Watu hucheza wakimtazama mwimbaji, wakimaliza wakamsifu mpiga solo. Besi haitajwi. Ila ikikatika ghafla, miguu ya wachezaji husita, watu hutazamana, na hakuna anayejua kilichopungua. Wilibrodi ameishi maisha yake yote ndani ya kitu hicho kisichojulikana. Inachosha, kusema kweli inachosha.

Aliyekuwa akimsikia ni mmoja. Ewe Kalista, ulikuwa unakaa nyuma ya umati na kitenge begani, na muziki ukiisha ulimwambia mwanao wapi aliharakisha! Kila mara aliharakisha mahali, na kila mara ulipaona. Siku hizi Kalista anaishi kijijini Kate na masikio yake yamefunga. Yalianza kupotea maneno ya chinichini, ikafuata kengele ya kanisa, mwisho majina ya wajukuu. Sasa anatazama midomo ya watu na kuitikia kwa kichwa, na anaitikia sana, ili mtu asione haya.

Krismasi iliyopita Wilibrodi alikaa naye uani. Kalista alikuwa juu ya kigoda, miguu peku imekanyaga udongo, wakati mashine ya kusaga ya jirani ilipoanza kunguruma nyuma ya nyumba. Hakuna aliyemwambia. Kalista akainua kichwa.

"Wamewasha," akasema.

Wilibrodi akamtazama masikio, kisha akamtazama miguu. Tangu siku ile alitaka jambo moja tu duniani: mama yake amsikie akipiga besi, hata wimbo mmoja, kabla miguu nayo haijafunga.

Basi ikaja siku. Adolfu, mtoto wa dada yake Fransiska, amepadirishwa, na misa yake ya kwanza inasomwa nyumbani, Kate. Baada ya misa ni sherehe uwanjani pa parokia, na bendi iliyoitwa ni hii hii ya Frank, bendi ya Wilibrodi. Bibi wa padri mpya atakaa mbele kabisa. Nafasi kama hiyo haiombwi mara mbili.

Asubuhi ya safari Frank, kiongozi wa bendi, alizunguka gari lao la Noah akihesabu mizigo kwa macho. Akakuna kichwa.

"Kaka Wili, jeneza leo halipandi. Chomeka kwenye mikisa kama watu wote."

"Linapanda."

"Litakaa wapi?"

"Kwenye kiti changu. Mimi nitapanda Canter ya viti."

"Na huo mgongo?"

"Nao utapanda Canter."

Wakacheka wote, hata Frank. Kiti kikalazwa, boksi likaingia, mtu akalifunga mkanda kwa utani. Mwenye boksi akaenda kukaa juu ya viti vya plastiki, nyuma ya Canter, akishikilia kamba, na barabara ya Kate ikampokea kwa mikono yake yote. Vumbi likamwingia kwenye nyusi, likamwingia kwenye meno. Kila shimo lilimgonga mahali palepale pa mgongo, kana kwamba lilielekezwa. Alishuka Kate akiwa rangi moja na barabara, na Dominika hakuwepo wa kumsema.

Amechoka Wilibrodi. Sherehe haijaanza, na tayari amechoka.

Timoth, fundi mitambo wa bendi, kijana wa Mbeya mwenye mikono mizuri na adabu, alilipandisha boksi jukwaani na kulikalisha juu ya kreti za soda, kama inavyofanywa siku zote, ili sauti iende mbali. Watu wa parokia nao walifanya yao. Walimletea bibi wa padri sofa. Wakatandika zulia zito chini ya sofa. Wajukuu walikuwa wamemnunulia viatu vyeusi vyenye soli nene, wakamvalisha, wakamkalisha, wakarudi nyuma kumtazama. Kalista alipendeza. Kalista aliketi kama picha.

Jua la mchana likaupiga uwanja, upepo ukawa baridi hata hivyo, na bendi ikaanza wimbo wa shukrani. Wilibrodi alipiga huku macho yake hayatoki kwenye ile sofa. Alipiga vizuri, mwenyewe alijua. Akina mama wakainuka kucheza, mapadri wakapiga makofi. Kalista akaviangalia vidole vya mwanawe, kisha akatabasamu, tabasamu lile la kumpa mgeni anayesema lugha usiyoijua. Kisha akatazama pembeni, kwenye miti.

Hapo ndipo uchovu wote ulipomshukia. Si wa barabara peke yake, wa miaka. Maboksi yote aliyonyanyua, ngazi zote za kumbi, alfajiri zote za kuchuliwa mgongo, vikamjia pamoja na kumwuliza: kwa ajili ya nini? Nyuzi zikawa nzito mkononi. Alitaka kukaa chini, na asiinuke.

Wimbo ukaisha, mshereheshaji akachukua kipaza sauti kutambulisha wageni. Wilibrodi akamwinamia Timoth kwenye mikisa.

"Timoth, sauti hii haina kitu. Nipe chungu."

Timoth akaitikia, akazungusha vifundo, akampa ishara ajaribu. Wilibrodi akagusa uzi mmoja. Ikatoka sauti kali, nyembamba, ya kukwaruza meno, na mpiga ngoma akashika masikio.

"Ndiyo nini hiki?"

"Si umesema chungu, mzee? Kama shubiri. Nikaona unataka iwe kali zaidi."

Wilibrodi angeweza kulia. Badala yake akacheka, akacheka mpaka mgongo ukamkumbusha. "Chungu, mwanangu! Cha udongo. Cha kupikia. Hujawahi kuona nsimba?"

Timoth hajawahi. Basi Wilibrodi akaweka gitaa kando na kumwonyesha kwa mikono, pale pale jukwaani, ngoma ya mama zake: chungu, na kigoda juu ya chungu, na mwanamke ameinama anakisugua, anakisugua, hata chungu kinaanza kunguruma kama ng'ombe aliye mbali. Na Kalista ndiye aliyekuwa akiitwa vijiji vyote hivi kuja kusugua. "Hakipigwi hewani," akasema. "Chungu kinakaa chini. Kinakaa kwenye udongo, halafu..."

Alikuwa amejisikia mwenyewe.

Akatazama boksi lililopandishwa juu ya kreti, kreti juu ya mbao, mbao juu ya miti. Akatazama sofa, akatazama zulia, akatazama soli nene za viatu vipya. Watu wema! Walimheshimu Kalista wakamtenga na ardhi, na yeye alilibeba boksi safari yote hiyo akaliacha lining'inie angani.

"Shika huko," akamwambia Timoth.

"Mzee, mgongo..."

"Shika."

Wakaliteremsha mbele ya mapadri wote, mshereheshaji akiwa katikati ya sentensi. Frank akamkodolea macho. Fransiska akainuka nusu kwenye kiti chake. "Wili! Unafanya nini mbele za watu?" Wilibrodi alikunja zulia kando, akafika kwenye udongo mtupu mbele ya miguu ya mama yake, na hapo wakalitua boksi, akaligeuza, akalilaza kifudifudi, spika imetazama chini.

"Mzee, sauti itakufa hivyo," Timoth akasema taratibu.

"Haifi. Inashuka."

Kisha akapiga goti mbele ya Kalista, akapiga makofi mepesi ya kumwamkia mkubwa kama anavyoamkia Mfipa, akamvua viatu. Kimoja, kingine. Akina mama waliokuwa karibu wakadhani mtoto anamtukuza mzazi wake siku ya furaha, wakapasua vigelegele, na uwanja mzima ukadakia. Kalista aliona midomo yao tu. Akaishusha miguu yake peku kwenye vumbi, na vidole vikajikunjua.

Wilibrodi akarudi kwenye gitaa. Hakungoja wimbo. Akachagua uzi mnene kuliko wote, ule mchafu, ule wa zamani, akaugusa na kuuacha uende.

Kalista anatazama miti.

Akaugusa tena. Na tena, polepole, kwa mpigo ule wa kusugua, chini kwa chini, ambao hakuna mtu nyuma ya uwanja aliyeusikia. Kidole kimoja cha mguu wa Kalista kikainuka. Kikashuka. Kisha uso wake wote ukageuka, kwanza chini, kwenye udongo, kisha huku na huku, ukitafuta, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni.

"Nani anasugua?" akauliza kwa Kifipa, kwa sauti kubwa, sauti ya wasiojisikia. "Nani huyo anasugua?"

Na Kalista akamwona: mwanawe, mwekundu kwa vumbi, vidole kwenye uzi, machozi yanachora njia mashavuni. Akatazama vidole. Akasikiliza kwa miguu. Akakunja uso.

"Unaharakisha," akasema.

Akaweka viganja vyake magotini na kuanza kusugua, mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama ameshika kigoda. Mwendo wake ulikuwa wa taratibu kuliko wa Wilibrodi, na Wilibrodi akapunguza, akamfuata. Mpiga ngoma akamfuata Wilibrodi. Frank akatazama ile mikono ya kizee, akashusha pumzi, akaingiza gitaa lake nyuma ya wote.

Jioni boksi litapandishwa tena garini, na mgongo utasema yake, na Dominika atasema yake. Amechoka Wilibrodi, na kesho atachoka zaidi. Lakini sasa anapiga, na mgongo wa boksi umejaa vumbi, lile alilolileta mwenyewe kwenye nguo na nyusi zake. Vumbi halijalala. Linaruka kidogo, linatua, linaruka, linatua, kwa mwendo wa mikono ya Kalista. Kitambaa kiko mfukoni. Wilibrodi hakitoi.